Mnyama Ambaye Mama Hakumla

Katika ukoo aliozaliwa mama yangu, kule Ukerewe, kila mtoto hukua akijua kwamba kuna mnyama mmoja asiyeliwa. Mnyama huyo ndiye mzio wa ukoo. Koo nyingine zina samaki, nyingine zina ndege, nyingine ng'ombe wa rangi fulani. Ukoo wa mama una nzohe, swala wa majini aishiye ndani ya mafunjo. Mtoto hupokea mzio kutoka kwa baba yake. Binti akiolewa huondoka nao kama anavyoondoka na jina la baba, akaushika katika nyumba ya mume bila kuurithisha. Ndiyo maana mimi na ndugu zangu tulifuata mzio wa baba, ambao ni ndege mdogo asiyetosha kitoweo cha mtoto, na mama akawa peke yake katika nyumba yetu ya Mwanza mwenye mnyama mkubwa wa kuheshimu.

Nasema kuheshimu, sisemi kuepuka, kwa sababu huwezi kumwepuka usiyekutana naye. Mama alizaliwa jirani na Nansio wakati ambapo mabonde ya mafunjo ya upande ule yalikuwa yamekwisha kugeuzwa majaruba ya mpunga. Baba yake hakuwahi kumwona nzohe. Babu yake ndiye aliyesema kwamba alimwona, naye alisema hivyo uzeeni, mbele ya watu waliokuwa tayari kumwamini. Hakuna bucha lililopata kuuza nyama yake, wala mwenyeji aliyempakulia mama akalazimika kusukuma sahani kando. Marehemu baba alikuwa akimtania mbele ya wageni.

"Mke wangu anashika mfungo mwepesi kuliko yote duniani. Amekatazwa nyama ambayo haipo."

"Na wewe uliyekatazwa kandege ka kujaza kijiko," mama alimjibu, "umekonda?"

Pamoja na katazo la kula kulikuwa na mengine, ambayo mama alitusimulia tukiwa wadogo na ambayo sikuyatilia maanani hadi nilipolazimika. Mtu wa ukoo hamwonyeshi mzio wake kwa kidole. Kidole ni cha kuonyeshea mwizi. Mtu wa ukoo hamfuati mzio wake mwituni, kwani anayemfuata mnyama ni mwindaji, hata akiwa mikono mitupu. Na ikitokea wakakutana, mwanamume wa ukoo husimama, hupiga makofi, na humsalimu kwa sauti kwa majina ya wazee, ili mnyama ajue kwamba aliye mbele yake ni jamaa.

Basi mambo yalikuwa hivyo kwa miaka mingi, na yangeendelea kuwa hivyo lau si macho. Mama alipata presha ya macho, ile inayokuja bila maumivu, na ilipogunduliwa ilikuwa imekwisha kula sehemu kubwa. Daktari alitueleza kwa upole kwamba uoni wa namna hii hauzimiki kama taa. Hufungwa kama mlango wa mabawa mawili, taratibu, kutoka pande zote mbili, hadi unabaki ufa katikati. Matone yangeuchelewesha mlango. Yasingeufungua. Kwa hiyo mama aliweza kutunga uzi katika tundu la sindano, kisha akainuka akagonga stuli iliyokuwa pembeni ya goti lake. Alimwona vema aliyekaa mbele yake, ila hakujua kama kulikuwa na mtu wa pili.

Siku chache baada ya kutoka kwa daktari alikuwa akichambua mchele barazani, akiinamia ungo karibu sana, na mimi nikisahihisha kazi za wanafunzi. Bila kuinua kichwa alisema, "Nataka kumwona."

"Nani, mama?"

"Yule nisiyemla."

Nilijua mahali. Katika pembe ya kusini-magharibi ya ziwa kipo kisiwa cha Rubondo, ambacho chote ni hifadhi ya taifa, na katika ghuba zake zenye mafunjo nzohe wangaliko. Nilikuwa nimesoma habari zake, sikuwa nimefika. Mama hakujua kwamba mahali hapo panafikika kwa gari na boti kutoka Mwanza. Nilipomweleza, aliweka ungo chini akauliza ni lini.

Ilimlazimu kwanza mjomba kuja. Mjomba ni mdogo wake mama, aliyestaafu ualimu wa kwaya huko Nansio, mtu mfupi mwenye sauti iliyozoea kujaza kanisa lisilo na kipaza sauti. Yeye ndiye mwanamume wa ukoo aliyebaki wa rika lile, na salamu ilikuwa juu yake. Alishuka kwenye meli akiwa na kikapu cha viazi vitamu na pingamizi.

"Dada, mzio haufuatwi. Mzio hukujia."

"Nimemngoja tangu utoto. Hajui ninapokaa."

"Hiyo ni kumfuata, dada. Tena kwa boti ya injini."

Mama alifikiri. "Nikienda kanisani asubuhi, padre yuko altareni. Nimemfuata padre?"

"Umeenda kusali."

"Basi na huko nitaenda kukaa. Nitakaa kwenye kiti. Akija, amekuja."

Mjomba alinigeukia mimi kama anayetafuta shahidi. "Mpwa, huyu mama yako angesomeshwa sheria tungekoma." Lakini pingamizi lilikuwa limekwisha, na jioni ile alikwisha kuanza kuuliza kama kisiwani kuna baridi.

Sharti la mwisho liliwekwa na dawa. Matone ya mama yalitakiwa yakae kwenye ubaridi, na barafu ya kasha letu isingedumu zaidi ya usiku mmoja na asubuhi yake. Nilihesabu safari kwa barafu hiyo. Tungefika kisiwani mchana, tungelala mara moja, na siku ya pili kabla ya saa sita tungekuwa majini tukirudi. Kwa maneno mengine, mama alikuwa na jioni moja na asubuhi moja za kumwona mnyama ambaye vizazi viwili vya ukoo wake havikumwona, naye akiwa na ufa tu wa kumwonea.

Tuliondoka kiangazi, maji ya kingo yakiwa yamepungua. Usagara tulikata kuelekea magharibi, tukapita juu ya daraja refu la Kigongo, tukafuata barabara ya Sengerema na Geita hadi kwenye kituo cha boti. Darajani mjomba alisoma rozari kwa sauti. Mama aliuliza kama maji yako pande zote mbili. Nilipomjibu kwamba yako pande zote mbili, aligeuza kichwa polepole kulia, kisha kushoto, akayakusanya vipande vipande, akatikisa kichwa kuridhika.

Sikuwa nimejiandaa kwa ufuko wa kisiwa kile. Mimi nimekulia kando ya ziwa hili, na mama amekulia ndani yake, lakini wote wawili tulijua namna moja tu ya ufuko: mitumbwi iliyovutwa juu, nyavu zilizoanikwa, dagaa juu ya mchanga, kina mama wakisugua masufuria, redio, moshi, watoto. Boti ilipokaribia, msitu ulikuwa umeshuka hadi kwenye maji na kutumbukiza matawi yake ndani. Hapakuwa na bati wala moshi wala njia. Juu ya mti mkavu alikaa furukombe, kichwa cheupe, hakutikisika. Chini yake mamba alilala katikati ya mchanga mweupe ambao haukuwa na wayo hata mmoja. Si kweli kwamba hakukuwahi kuwa na watu. Wazee wa ng'ambo wanawakumbuka waliohamishwa kisiwa kilipotengwa. Lakini kizazi kizima kimepita, na ziwa limerudi likachukua ukingo wake.

Mama aliutazama ule ufuko kupitia ufa wake, sehemu kwa sehemu, kutoka mwisho hadi mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyeingia nyumba ya watu, "Wenyewe wako wapi?"

Aliyemjibu ni mhifadhi aliyekuja kutupokea gatini, mwanamke mrefu mwenye bunduki begani na viatu vilivyolowa. "Shikamoo, bibi. Wenyewe ni hao unaowaona."

"Marahaba, mwanangu. Nimemwona mmoja tu, na amelala."

"Huyo usimwamshe," alisema mhifadhi, na mjomba alirudi hatua moja ndani ya boti.

Nilimweleza mhifadhi shida yetu yote: macho, barafu, kidole. Kuhusu salamu sikusema, kwa kuwa sikuikumbuka. Alisikiliza hadi mwisho. Alisema kuna ghuba karibu ambayo nzohe hutoka kula jioni na alfajiri, pembezoni, pale mafunjo yanapokutana na majani mafupi. Alisema pia kwamba ni mnyama msikivu kuliko waonavyo watu, na kwamba tukifika pale hatutaongea.

Jioni ile tulitembea hadi kwenye kilima kidogo juu ya ghuba. Mjomba alibeba kiti cha plastiki kichwani. Njiani palikuwa na kinyesi cha tembo ambacho kilikuwa bado kinafuka, na vipepeo juu yake, na mjomba alitaka kujua tembo mwenyewe ameelekea wapi. Mhifadhi alisema ameelekea tunakotoka, jambo ambalo halikumfariji. Tulimkalisha mama. Mbele yetu kinamasi kilitanda hadi kwenye maji ya wazi, kijani kizito, vichwa vya mafunjo vikiinama na kuinuka pamoja. Upepo ulitoka ziwani ukitujia usoni, na mhifadhi alionyesha kwa ishara kwamba hilo ni jema.

Tulikaa. Nimekaa katika maktaba nyingi zenye ukimya, lakini ukimya wa maktaba ni wa watu waliojizuia. Huu haukuwa na mtu ndani yake. Ulikuwa na majani yanayosuguana, na chura, na mahali fulani kiboko aliyetoa pumzi nzito. Kadiri tulivyokaa ndivyo nilivyozidi kuhisi kwamba sisi ndio wageni tuliokaribishwa kwa muda, na kwamba shughuli iliyokuwa ikiendelea pale ingeendelea vilevile bila kujulikana na yeyote.

Nzohe alitoka kabla jua halijagusa miti. Namweleza kama nilivyomwona mwenyewe: jike, rangi ya udongo wa kichuguu, aliyetokeza kichwa, akasikiliza, kisha akaja hadi mahali pa wazi akasimama, ubavu ukiwa upande wetu. Mhifadhi aligusa bega langu. Niligeuka nimshike mama kichwa ili nimwelekeze.

Mjomba alikuwa amekwisha kusimama.

Alivua kofia. Akapiga makofi, makofi makubwa ya mwalimu wa kwaya, akaita kwa Kikerewe, kwa sauti ya kuamsha kijiji, jina la ukoo na jina la babu na jina la baba wa babu. Kila jina lilivuka ghuba likarudi. Alifanya lile hasa ambalo mwanamume wa ukoo wake anapaswa kulifanya, na alilifanya vizuri.

Nzohe hakukimbilia msituni. Aligeuka, akaingia majini kwa miruko miwili, akazama. Sikumwona tena, ingawa mhifadhi alininong'oneza kwamba yuko palepale, amezamisha mwili wote, amebakiza pua juu kama jani.

"Mzee!" mhifadhi alisema.

"Nimemsalimu," alisema mjomba, uso ukimng'aa.

"Ameitika, mzee. Ameitika kwa kuzama."

Mama alikuwa angali ameelekeza uso kwenye mafunjo ya upande mwingine kabisa. "Yuko wapi?" aliuliza. "Mbona hamniambii yuko wapi?"

Hata sisi tusio wa ukoo hatukuweza kunyoosha kidole mbele yake. Na hata tungenyoosha, asingeuona mkono wetu. Nilimgeuza kichwa hadi pale. Duara za mawimbi zilikuwa bado zinatanuka. Alizitazama mpaka zikakoma.

"Nimeona maji," alisema.

Tulingoja hadi mwanga ulipopungua. Hakuna kilichotoka. Katika kurudi mhifadhi aliniambia faraghani kwamba kuna njia nyingine: asubuhi tungeweza kwenda kwa boti ndogo kando ya mafunjo, injini ikizimwa na kuwashwa, mpaka mmoja atoke. Wageni wengi huwaona hivyo. Nilimpelekea mama wazo hilo, nikilipamba.

"Atatolewa," mama alisema.

"Atatoka mwenyewe, mama, akisikia boti."

"Mtu aliyetolewa nyumbani kwake kwa kelele hajatoka mwenyewe. Hapana. Hapo tutakuwa tunamfuata." Kisha aliongeza, "Kama simwoni, nimekaa kwake. Hilo nalo si dogo."

Lakini nilimfahamu. Alipokuwa akila jioni ile vidole vyake vilitafuta ukingo wa sahani mara mbili, na hakumaliza.

Mjomba hakula kabisa. Alikaa mwisho wa benchi, kofia magotini, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. "Nimekuharibia, dada."

"Umesalimu. Ndiyo kazi yako."

"Kesho nitafumba mdomo."

"Utaweza?"

"Sitaweza," alikiri. "Nikimwona nitasimama tu. Na nikinyamaza, siku nikikutana na babu akaniuliza, ulimwona jamaa yako ukampita kama mlevi, nitamjibu nini?"

Hapo niliona kwamba shida ilikuwa kubwa kuliko tabia ya mjomba. Bila salamu, kumwona kungekuwa kosa. Kwa salamu, kumwona kusingewezekana. Babu zao hawakuwa wametunga sheria hiyo kwa ajili ya watu waliokaa kwenye kiti wakitafuta kutazama. Waliitunga kwa mtu anayekata mafunjo ya kuezekea akakumbana na mnyama uso kwa uso, na kwa mtu huyo kelele ilikuwa heshima na usalama kwa wote wawili.

Mama ndiye aliyelitatua. Alikuwa akifungua kasha la barafu kutafuta dawa yake, akipapasa, na alisema bila kugeuka, "Hodi hupigwa wapi?"

"Mlangoni," alisema mjomba.

"Aliyekwisha kukaa sebuleni akaanza kupiga hodi, utamwonaje?"

Mjomba aligeuza kofia magotini. "Mwendawazimu."

"Basi kesho mpigie hodi mlangoni. Njia inapoanza, kabla hatujakaribia. Mtaje babu, mtaje baba, maliza kila kitu. Tukiingia ndani, umekwisha kusalimu."

"Atasikia kutoka kule?"

"Mdogo wangu," alisema mama, "ukiimba Nansio, sauti yako inasikika Mwanza."

Mhifadhi, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa banda tulilopangiwa, alicheka hadi akaweka bunduki chini, kisha akatoa ruhusa kwa sharti kwamba hodi ipigwe mapema, giza linapoanza kupauka. Usiku huo, kabla ya kulala, mama alinifundisha namna ya kumgeuza kichwa. Viganja vyangu viwe kwenye mashavu, si masikioni, na niende polepole, kwa sababu kila nilichopita haraka kilikuwa kwake kama hakipo. Tulijaribu kwa taa, kwa mlango, kwa mjomba.

"Taratibu. Usinizungushe kama unafungua chupa."

Alfajiri mjomba alisimama mwanzo wa njia. Alivua kofia, akapiga makofi, akaita majina yote, na safari hii aliongeza la dada yake, akasema kwa Kikerewe kwamba amekuja kutazama na hana mkuki. Ndege waliruka kutoka miti yote iliyotuzunguka. Halafu tulisubiri hadi msitu uliposahau, tukaanza kwenda, na tangu hapo sikumsikia mjomba hata akikohoa.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya ghuba hivi kwamba vichwa vya mafunjo vilielea bila mashina. Jua lilipopanda ukungu uligeuka rangi ya maziwa ya ng'ombe aliyezaa karibuni, kisha ukaanza kuchanika. Fisi maji wawili walipita wakifukuzana, wakapiga mbizi, wakatokea mbele zaidi na samaki mmoja kati yao. Furukombe alilia kutoka ng'ambo, na mwenzake akamjibu juu ya vichwa vyetu, na mlio ule ambao nimeusikia maisha yangu yote juu ya kelele za mwalo wa wavuvi niliusikia kwa mara ya kwanza peke yake, wote, tangu mwanzo hadi unapokatika. Mama alikaa wima, mikono mapajani, macho mbele. Mimi nilisimama nyuma yake, viganja tayari.

Jua lilipanda. Kivuli cha kiti kilifupika. Nilianza kufikiria barafu, na boti, na kile nitakachomwambia mama njiani. Mhifadhi alitazama saa, akanitazama, akatazama chini. Ndipo nilipoona mafunjo yakienda kinyume cha upepo.

Yalifunguka mahali pamoja, kushoto, karibu kuliko jana. Alikuwa dume. Alitoka kifua kwanza, akipanda kutoka kwenye maji, na maji yalimiminika kutoka kwenye manyoya yake marefu kama yanavyomiminika kwenye paa la nyasi. Niliweka viganja kwenye mashavu ya mama nikaanza kugeuza. Nilipita gogo jeupe. Nilipita mafunjo yaliyovunjika. Moyo wangu ulinisukuma niende haraka, nami niliukatalia.

"Kushoto kidogo," nilinong'ona. "Chini ya—"

Mikono yake ilipanda ikashika yangu, ikanisimamisha.

Sikuondoa viganja. Mnyama alisimama kwenye mwanga, na kwa kuwa nilikuwa nimeinama nyuma ya kichwa cha mama, nilimwona kana kwamba ninatazama kupitia ufa uleule. Alikuwa wa rangi ya kahawa iliyokolea, mwenye mistari myeupe isiyo thabiti ubavuni, kana kwamba mchoraji aliichora ikalowa. Pembe zilijipinda mara moja zikaishia kwenye ncha za rangi ya pembe ya ndovu. Alipoinua mguu kusonga mbele niliona kwato ndefu mno, zilizoachana kama vidole viwili, zikitanuka juu ya majani yaliyoelea na kumbeba mahali ambapo swala mwingine yeyote angezama. Alikula. Alichagua machipukizi, akaacha, akachagua tena. Kisha akainua kichwa akatutazama moja kwa moja, masikio mbele, na hakuondoka.

"Ana mistari," mama alinong'ona.

Baadaye kidogo: "Kumbe ni mkubwa."

Nilitupa jicho kwa mjomba. Alikuwa amekalia mikono yake yote miwili, na machozi yalikuwa yakimshuka bila sauti hadi kwenye kola.

Mama aliachia mikono yangu. Aliinua viganja vyake mbele ya kifua akavikutanisha, akavitenga, akavikutanisha tena, polepole, bila mlio wowote. Nzohe alitazama. Sijui alitazama nini, wala sitadai kwamba najua. Naweza kusema tu kwamba alikuwa ameelekeza uso kwetu wakati mama anamaliza, na kwamba baada ya hapo aligeuka bila haraka, akaingia majini, yakafika tumboni, mgongoni, shingoni. Zilibaki pembe. Kisha pembe nazo zikaingia kwenye mafunjo, na mafunjo yakarudi kufuata upepo kama mengine.

Wa kwanza kusema alikuwa mama, naye alimwuliza mhifadhi swali la kawaida kabisa: nzohe hulala wapi? Mhifadhi alimweleza kwamba huyakanyagakanyaga mafunjo akiyazunguka mpaka yawe kitanda kilichoinuka juu ya maji, na hulala hapo.

"Kwa hiyo ana kwake," mama alisema.

"Anako, bibi."

Mama alitaka kusimama mwenyewe. Mjomba alichukua kiti, akasahau kofia, akairudia. Njia nzima hadi gatini alimsimulia mhifadhi, kwa sauti yake ya kawaida sasa, habari za kila babu aliyemtaja alfajiri, na mhifadhi aliuliza maswali kwa adabu. Tuliingia botini kabla ya saa sita. Barafu ilikuwa imekuwa maji, ila yalikuwa bado ya baridi, na chupa ya dawa ilielea ndani yake. Nilimtia mama matone tukiwa katikati ya ziwa, akiegemeza kichwa kwenye mkono wangu.

Jicho la kushoto lilifungwa kabisa kabla ya mvua za vuli. La kulia lilifuata katika masika. Nzohe yule ndiye mnyama wa mwisho wa porini ambaye mama alimwona.